Mwanafunzi na Karatasi Zake: Insha ya Kujitathmini katika Somo la Utungaji, kwa Mifano ya Bukavu

1.0 Utangulizi

Katika vyuo vyetu, somo la utungaji huishia mara nyingi pale mwalimu anaporudisha karatasi. Mwanafunzi hutazama alama, huikunja karatasi yake, na jambo huwa limekwisha. Makala hii inakusudia kueleza zoezi moja linaloweza kuirefushia karatasi hiyo uhai, nalo ni insha ya kujitathmini. Hii ni insha anayoiandika mwanafunzi mwishoni mwa muhula baada ya kuzisoma upya kazi zake zote, akieleza amekua vipi kama mwandishi, na wapi hajakua.

Mifano tutakayoitumia inatoka katika mazingira ya Bukavu, mji mkuu wa Kivu ya Kusini. Hapa mwanafunzi huingia darasani na lugha tatu au zaidi: lugha ya nyumbani, kwa wengi Mashi, Kiswahili cha mjini, anachokitumia sokoni na barabarani, Kifaransa cha shule, na Kiswahili Sanifu, ambacho kwa kiasi kikubwa hukutana nacho kitabuni. Suala hili si la nadharia tupu. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Sheria ya elimu ya Februari 2014 nayo inazipa lugha za taifa na lugha za mazingira nafasi ya kufundishia. Wengi wanaojifunza lugha katika vyuo vya ualimu vya mji huu watakuwa walimu. Mwalimu asiyejua namna alivyojifunza kuandika Kiswahili atamwelekeza vipi mtoto anayeanza kukiandika?

2.0 Mapokeo mawili ya insha

Mwanafunzi wa Bukavu hurithi mapokeo mawili ya uandishi. La kwanza ni la shule ya Kifaransa: utangulizi, kiini, hitimisho, na hoja zinazopangwa kwa kupinzana. Mapokeo haya humfunza mpangilio. Aghalabu, hata hivyo, humfunza pia kwamba nafsi ya mwandishi haina budi kujificha. Kilele chake katika mfumo wa zamani wa masomo ya juu kilikuwa ile kazi ya mwisho wa mzunguko wa kwanza, maarufu kwa jina la TFC, ambayo mwanafunzi aliiandika baada ya miaka mitatu. Ni hapo ndipo wengi waligundua, wakiwa wamechelewa, kwamba walikuwa wamefundishwa kusahihishwa bila ya kufundishwa kusahihisha.

Mapokeo ya pili ni ya Afrika Mashariki, ambako insha imejengeka juu ya kielelezo na mtihani. Shaaban Robert alichapisha Kielezo cha Insha mwaka 1954, na jina lenyewe linatuonyesha fikira ya wakati ule: anayejifunza hupewa mfano mwema wa kuufuata. Nchini Kenya, insha ni karatasi kamili katika mtihani wa Kiswahili wa kidato cha nne. Mtahiniwa huandika mara moja, kwa saa iliyopimwa, na hasomi tena alichoandika. Hatusemi kwamba kielelezo na mtihani havina faida. Tunachosema ni kwamba vyote viwili humwonyesha mwanafunzi mahali pa kufika, lakini havimwonyeshi njia aliyopita.

Hata hivyo, mwandishi kujitazama si jambo geni katika Kiswahili. Shaaban Robert huyo huyo alituachia tawasifu yake, Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Huku kwetu Kongo kuna ushahidi wa namna nyingine. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha Katanga historia ya mji wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, akiitazama kwa macho ya waliokuwa watumishi wa nyumbani. Johannes Fabian aliichapisha pamoja na maelezo yake mwaka 1990. Naye Jan Blommaert, katika kitabu chake cha mwaka 2008 kuhusu uandishi wa watu wa kawaida katika Afrika ya Kati, alichambua maandishi ya Mkongo mmoja aliyeyaandika maisha yake zaidi ya mara moja. Watu hawa hawakungoja wapewe ruhusa na kitabu cha sarufi. Waliandika kwa lugha waliyokuwa nayo, na mmoja wao alirudi kuandika tena.

3.0 Kukua kwa mwandishi maana yake nini?

Mwanafunzi akiulizwa amekua vipi, jibu la kwanza huwa hili: "Zamani nilikuwa nakosea, sasa sikosei." Jibu hili linachanganya mambo mawili ambayo hatuna budi kuyatenganisha. Tuchukue sentensi zifuatazo, zilizotungwa kwa ajili ya maelezo haya:

(a) Banafunzi benye banakaaka Kadutu banachelewaka juu ya mvua.

(b) Wanafunzi wakaao Kadutu huchelewa kwa sababu ya mvua.

(c) Mvua ikinyesha usiku kucha, njia za Kadutu huteleza. Hata mwanafunzi aliyeamka alfajiri hufika darasani somo limekwisha kuanza.

Kutoka (a) hadi (b), mwanafunzi amehama kutoka Kiswahili cha mjini hadi Kiswahili Sanifu. Ngeli ya watu imebadili kiambishi ba- kuwa wa-; kirejeshi benye kimeacha nafasi kwa -o ya rejea; na juu ya, ambayo hapa kwetu hutaja sababu, imekuwa kwa sababu ya. Lililo muhimu zaidi ni kiambishi tamati -ka katika banakaaka na banachelewaka. Hicho kinaonyesha mazoea, na kina ndugu zake katika lugha nyingi za Kibantu. Kiswahili Sanifu huyaonyesha mazoea kwa hu-. Kwa hiyo, mwandishi wa (a) hakukosa sarufi. Alikuwa na sarufi kamili ya mahali pake. Akijua hivyo, hatasema katika insha yake kwamba "alikuwa hajui Kiswahili". Atasema kwamba amejifunza namna ya pili ya kusema jambo ambalo alikwisha kulijua.

Kutoka (b) hadi (c) ni safari nyingine kabisa. Sentensi (b) ni sahihi, wala mwalimu hawezi kuitia wino mwekundu. Lakini haimwonyeshi msomaji kitu. Katika (c) mwandishi ameuliza: mvua inamchelewesha mtu kwa njia gani? Jibu lake limeleta usiku, utelezi na alfajiri, na limemwondolea mwanafunzi wa Kadutu lawama ya uvivu. Hapa kilichokua ni fikira, na lugha imeifuata. Mwanafunzi anayehesabu makosa peke yake ataiona safari ya kwanza, na ya pili itampita. Kadhalika mwalimu.

4.0 Namna ya kuliendesha zoezi

Zoezi hili halihitaji vifaa vya gharama. Linahitaji jalada la karatasi, subira, na taratibu nne.

Kwanza, rasimu zisitupwe. Mwanafunzi atie tarehe kwenye kila rasimu na aihifadhi hata ikiwa imejaa mistari ya kufuta. Asiyekuwa na rasimu ya kwanza hana cha kulinganisha. Atalazimika kukumbuka, na kumbukumbu hupendelea mwenyewe.

Pili, achague mahali pachache. Aya mbili au tatu zilizoandikwa upya zatosha. Insha inayotaka kueleza muhula mzima huishia katika maneno ya jumla.

Tatu, kila dai liwe na ushahidi. Akisema "nimejifunza kupanga hoja", na anukuu aya yake ya mwezi wa kwanza na ile ya mwezi wa nne, kisha aeleze alihamisha nini na kwa nini. Hapa ndipo isimu inapomfaa mwanafunzi wa lugha: maarifa aliyoyatumia kuchambua maneno ya watu wengine sasa anayaelekeza kwenye maneno yake.

Nne, ataje lisilokua. Mwandishi anayeweza kusema "bado sentensi zangu za Kiswahili huzipanga kwanza kwa Kifaransa", na akaonyesha sentensi mojawapo, amepiga hatua kubwa kuliko anayejisifu ukurasa mzima.

5.0 Tahadhari mbili

Tahadhari ya kwanza yahusu alama. Mwanafunzi akijua kwamba atapewa alama kwa kadiri alivyokua, atakua kwenye karatasi tu. Ataandika kwamba alikuwa gizani na somo limemtoa nuruni, kwa kuwa anadhani ndivyo mwalimu apendavyo kusikia. Dawa yake ni mwalimu kupima ushahidi na uchambuzi, asipime ukubwa wa maendeleo yanayodaiwa. Insha inayothibitisha kwamba mwandishi hakusogea sana, na ikaeleza sababu, yaweza kupata alama za juu.

Tahadhari ya pili ni nzito zaidi. Kumtaka mtu aeleze alivyokua ni kukaribia maisha yake, na maisha ya wanafunzi wetu yamepita katika vita. Mnamo Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, na kuna wanafunzi waliowahi kuhama makwao hata kabla ya hapo. Baadhi yao watapenda kuyaandika hayo; wengine hawatapenda, na wengine kuandika kwao kwaweza kuwaletea hatari wao au jamaa zao. Kwa hiyo mwalimu aweke mpaka tangu siku ya kwanza: kinachoulizwa ni maisha ya maandishi, si siri za mwandishi. Jalada ni mali ya mwanafunzi, hulichukua mwenyewe, wala halisomwi mbele ya wenzake bila ya ridhaa yake. Pasipo imani hiyo, insha ya kujitathmini hugeuka kuwa mahojiano.

6.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kukua kwa mwandishi si kule kuhama kutoka Kiswahili cha mjini hadi Kiswahili Sanifu peke yake, ijapokuwa kuhama huko kuna faida yake. Kukua ni kuweza kuisoma kazi yako kama kwamba imeandikwa na mtu mwingine, ukaona inasema nini, inaficha nini, na ingeweza kusema nini. Ujuzi huo hauishi muhula unapokwisha. Mwalimu wa kesho wa Bagira, Walungu au Uvira atakapopokea daftari la mtoto lililoandikwa "batoto banachezaka", atakuwa na njia mbili: kupiga mstari mwekundu, au kumwuliza mtoto anataka kusema nini, kisha kumwonyesha namna ya pili ya kulisema. Aliyewahi kuzichambua rasimu zake mwenyewe ataiona njia ya pili bila ya kuambiwa.