Kusajili Kila Biashara kama Kampuni Yake: Kinga ya Halali na Mpaka Wake



Ndugu wengi wenye biashara zaidi ya moja huuliza: Je, inafaa kisharia kusajili kila biashara kama kampuni inayojitegemea, ili moja ikianguka isizivute nyingine? Na deni la kampuni iliyofilisika, linamfuata mwenyewe mpaka Akhera?

Jambo lenyewe likoje?

Chukua mfano wa mtu wa Tanga mwenye duka la vifaa vya ujenzi, lori la mizigo na bekari, vyote chini ya jina moja la biashara. Jina la biashara si mtu mbele ya sheria, ni jina tu. Lori likiungua na mzigo wa watu, wenye mzigo wanamdai yeye mwenyewe. Deni linaweza kufika dukani, hata kwenye bekari.

Kampuni yenye dhima ya kikomo, ile yenye herufi Ltd mwishoni mwa jina, ni kitu kingine. Ikishasajiliwa BRELA, sheria inaihesabu kuwa mtu anayejitegemea: inamiliki, inadai na inadaiwa. Mwenye hisa hupoteza kile alichoweka humo, basi. Msingi huu uliimarishwa na mahakama ya juu ya Uingereza mwaka 1896, katika kesi ya Salomon, mtengeneza viatu wa London, na nchi zetu zimeurithi.

Wanazuoni wanasemaje?

Uzito wa suala hili unatokana na uzito wa deni. Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) alijizuia kumswalia maiti mwenye deni mpaka Abu Qataadah (Radhiya Allaahu ‘anhu) alipolibeba deni hilo. Amefundisha pia kwamba shahidi husamehewa yote isipokuwa deni. Kwa ajili hiyo wapo wanazuoni wa zama hizi waliosita kukubali kwamba mtu afanye biashara kisha deni lisimfikie.

Hata hivyo, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1992, liliamua kwamba hakuna kizuizi kuanzisha kampuni ya namna hii. Sababu ni kuwa jambo hilo linajulikana kwa wanaoamiliana nayo, na panapokuwa na ujuzi huo hakuna kudanganywa. Waliokubali wamelinganisha pia na waqfu: waqfu humiliki na hudaiwa, wala msimamizi wake halipi kutoka mfukoni mwake. Vivyo hivyo warithi hawalazimiki kulipa madeni ya marehemu zaidi ya alichoacha.

Masharti ya kuzingatia

*Uwazi.* Ikiwa ruhusa imejengwa juu ya ujuzi wa anayekudai, basi ajue. Jina kamili la kampuni liwe kwenye risiti na mikataba. Ukimwambia mtu, “Usiwe na wasiwasi, mimi mwenyewe nitakulipa,” umeshajifanya mdhamini, na deni hilo liko shingoni mwako. Ndivyo ilivyo pia ukisaini dhamana binafsi.

*Kutochanganya.* Kila kampuni iwe na akaunti na daftari lake. Ukitoa fedha za bekari kutengeneza lori, liandike kuwa deni lisilo na riba, kama tulivyoamrishwa kuandika madeni katika Suratul-Baqarah, aya ya 282. Na kama una mshirika kwenye bekari, kuchukua bila ridhaa yake ni khiyana.

*Kutokimbia.* Anayeona kampuni inazama, akahamishia mali kwenye kampuni nyingine ili wadai wakute gamba tupu, huyo amedhulumu. Mahakama yenyewe inaweza kulivua pazia la kampuni panapothibiti ulaghai. Akiponyoka mahakamani, Allaah Anajua nia yake alipokopa.

*Wanyonge.* Benki inajua maana ya Ltd. Lakini je, dereva anayedai mishahara ya miezi mitatu anajua? Mama anayeleta mayai bekari kwa mkopo anajua? Sababu iliyoleta ruhusa haipo kwao kwa ukamilifu. Kwa hiyo mwenye uwezo na awalipe hawa kutoka mfukoni mwake, hata kama sheria ya nchi haimlazimishi. Ni salama zaidi kwa dini yake.

Zakaah haigawanyiki

Baadhi ya watu hudhani kwamba kila kampuni ikiwa chini ya nisabu, wamesalimika. Hili ni kosa. Katika barua ya Abu Bakr (Radhiya Allaahu ‘anhu) kuhusu Zakaah, aliyoipokea Al-Bukhaariy, imekatazwa kutenganisha kilichokusanyika au kukusanya kilichotengana kwa kuogopa Zakaah. Mali ya biashara iliyo fungu lako katika kampuni zote ni mali yako: ijumlishe pamoja na akiba yako. Ikifikia nisabu na kupitiwa na mwaka, toa asilimia 2.5.

Kwa ufupi

Kutenganisha biashara ni katika kuchukua tahadhari, na kulinda riziki ya familia ni jambo la kheri. Ukuta huu ni wa kuzuia ajali ya biashara moja isiteketeze nyingine. Haukujengwa ili mtu ajifiche nyuma yake na haki za watu mkononi. Kabla ya kusajili, muone mwanasheria kwa upande wa nchi na mwanachuoni kwa upande wa dini. Na kama kampuni yako ilishafungwa na bado kuna anayelala njaa kwa sababu yako, mtafute leo, kwani kesho hakuna dinari wala dirhamu.

Na Allaah Anajua zaidi.