Sultani wa Sebuleni

Baada ya swala ya Isha, nyumba nyingi za Kirumba na Igoma hukusanyika mbele ya tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili. Lugha yake, kwa haki, ni tamu kuliko ya baadhi ya watangazaji wetu. Ila ile ya Sultan, iliyoanza kuoneshwa Uturuki mwaka 2011, imemfunga Suleiman ndani ya fitina za wake na vijakazi, hata binti yangu akauliza kama hakuwa na kazi nyingine. Alitawala miaka 46, akaongoza majeshi mwenyewe, akafia vitani Hungaria mwaka 1566. Msikiti wake ungali wasimama Istanbul. Wazazi, tazameni pamoja na wanenu, muwasimulie yaliyoachwa. Nami nangoja tamthilia ya wavuvi wa Ukerewe.