Buibui Ndani ya Nyumba: Hukumu ya Kumuua, Maji Aliyoangukia na Dhana ya Uchawi

 

Kipupwe kilichopita tulikuwa katika safari ya daawa Masasi na Newala, na darsa zetu zilikuwa katika mlango wa twahara. Hatukutarajia kwamba maswali mengi baada ya darsa yangekuwa juu ya buibui. Mzee mmoja wa Newala alitwambia kuwa alimwaga pipa zima la maji kwa sababu alimkuta buibui amekufa ndani yake. Kijana mmoja wa Masasi aliuliza kama inafaa kupuliza chumbani dawa iliyobaki ya mikorosho ili buibui wafe. Na mama mmoja alisubiri watu waondoke, ndipo akatufuata pamoja na mwanawe. Alisema mawifi zake wanamtuhumu uchawi, na ushahidi wao ni kwamba tandabui hazikosekani katika pembe za chumba cha mgonjwa anayemuuguza.

Tukaona jambo hili, ambalo wengi hulidharau, limegusa maji ya watu, afya zao na heshima ya Muislamu. Kwa hiyo tunalieleza hapa kwa urefu kidogo.

Kwa nini wanaonekana zaidi msimu huo?

Masasi na Newala mvua ni za msimu mmoja, huanza Novemba au Disemba na kumalizika Aprili au mwanzoni mwa Mei. Wakati wa mvua wadudu huwa wengi, na buibui hula wadudu. Kwa hiyo mvua zinapokwisha, buibui wengi wameshakula, wamekua na wanaonekana kwa macho. Wakati huohuo nyasi zinakauka, mashamba yanasafishwa, na mahindi na mbaazi zinaingizwa ndani. Mazao huja na wadudu wake, na anayewala wadudu hao hakai mbali.

Nyumba zetu nyingi nazo hazina dari, na baina ya ukuta na paa kuna uwazi. Taa ikiwashwa usiku, nondo na mbu huingia kuifuata. Buibui hakualikwa na mtu. Amefuata riziki yake tu. Wengine wala hawakutoka nje. Wamezaliwa humohumo ndani, nyuma ya kabati na juu ya boriti, na tunawaona pale tunapohamisha vitu au dume anapotoka kutafuta jike. Ndugu zetu wanaoishi Uingereza nao huwaona buibui wakubwa wakikimbia sakafuni mwezi wa Septemba na Oktoba, na sababu kubwa ni hiyohiyo: madume yametoka kutafuta majike.

Je, wana madhara?

Karibu buibui wote wana sumu, maana ndiyo silaha yao ya kuulia wadudu. Lakini wengi mno katika hao, sumu yao haimdhuru mwanadamu, na meno yao hayawezi hata kupenya ngozi. Yule bapa anayejibana ukutani na kukimbia upande kama kaa, yule wa miguu mirefu myembamba anayetikisika kwenye utando wake, na yule mdogo anayeruka, hao si wa kuogopwa.

Wa kutahadhari naye Afrika Mashariki ni buibui wa rangi ya kahawia, mwenye tumbo la mviringo na alama ya rangi ya chungwa chini ya tumbo. Mifuko yake ya mayai ni midogo, myeupe au ya manjano, na ina vimiba juu yake. Hukaa penye giza na utulivu: chini ya viti vya nje, chooni, kwenye marundo ya matofali na kuni. Akiuma, maumivu huwa makali na huweza kufuatiwa na jasho na misuli kukaza. Ni nadra kuua, lakini aliyeumwa apelekwe kituo cha afya, khasa akiwa mtoto, mzee au mjamzito.

Hapa kuna jambo ambalo tulilisikia kila tulipokwenda: “Nimekojolewa na buibui.” Mtu huamka na malengelenge yanayochoma, akamlaumu buibui wa ukutani. Buibui hana mkojo wa kuunguza ngozi. Mara nyingi mkosaji ni mdudu mwembamba mwenye rangi nyekundu na nyeusi, anayeingia ndani kufuata taa wakati wa mvua. Ukimsugua kwenye ngozi hutoa maji yanayounguza. Usimponde, mpeperushe, kisha osha kwa maji na sabuni.

Na wakati mwingine malengelenge hayo ni ugonjwa uitwao mkanda wa jeshi. Dalili yake ni kuwa hujipanga upande mmoja wa mwili, yakiwa na maumivu makali, na asili yake ni virusi vya tetekuwanga vilivyolala mwilini. Unapojitokeza huenda kinga ya mwili imepungua, na daktari atashauri vipimo. Anayepaka majani kwa wiki mbili akimlaani buibui anajichelewesha matibabu.

Hukumu ya kumuua

Hakuna katika Qur-ani wala katika hadithi sahihi amri ya kumuua buibui, wala katazo la kumuua. Hayumo katika wale watano ambao Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) aliruhusu wauawe hata ndani ya Haram, kama nge na panya, kutokana na hadithi ya Bukhari na Muslim. Wala hayumo katika wanne waliokatazwa kuuawa katika hadithi ya Abu Daud: chungu, nyuki, hudihudi na yule ndege aitwaye surad.

Ipo riwaya inayosema kuwa buibui ni shetani aliyegeuzwa umbo, na kwa hiyo auawe. Wanavyuoni wa hadithi wameidhoofisha, na hukumu haijengwi juu yake. Na kwa upande wa pili, wako wanaosema ni haramu kumgusa kwa sababu alitanda utando kwenye mlango wa pango la Thaur siku ya Hijra. Aya ya 40 ya Suratut Tawba imelitaja pango, lakini haikumtaja buibui. Kisa cha utando kimepokewa katika Musnad ya Imamu Ahmad. Ibn Kathir aliiona sanadi yake kuwa ni nzuri, na wengine wakaidhoofisha. Hata tukikikubali, kinatufundisha kwamba Allah humhifadhi mja wake kwa anachokitaka, hata kwa kitu dhaifu kabisa. Hakikumfanya kila buibui kuwa mtakatifu.

Kwa hiyo mwenye kudhuru huuawa, na asiyedhuru ni bora kuachwa au kutolewa nje. Mkulima wa Newala analielewa hili kuliko sisi. Anajua majimoto wanaokaa kwenye mikorosho yake wanawawinda wadudu wanaofyonza machipukizi, na kwa hiyo hawamalizi hata kama wanamuuma. Buibui ndani ya nyumba ana kazi inayofanana na hiyo. Kwenye ufukwe wa Ziwa Victoria, upande wa Kenya na Uganda, yuko buibui mdogo mrukaji ambaye utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionesha kuwa hupendelea kuwinda mbu waliokwishashiba damu. Hatusemi kuwa buibui anatosha. Chandarua kibaki pale pale. Tunasema tu kuwa hakuumbwa bure.

Na anayeua aue kwa wema, kwa pigo moja, kama alivyotufundisha Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) katika hadithi ya Muslim. Kuwaunguza kwa moto kumekatazwa, na kwenye nyumba ya makuti au nyasi ni kuichoma nyumba yenyewe.

Maji aliyoangukia buibui

Uwanda wa Makonde ni juu, chemchemi ziko mabondeni, na wazee wanakumbuka safari za kushuka na kupanda na mtungi kichwani kabla na hata baada ya mradi wa maji wa Makonde ulioanza miaka ya 1950. Mpaka leo wengi wanavuna maji ya mvua na kuyahifadhi kwa miezi. Kumwaga pipa la maji huko si jambo jepesi.

Katika madhehebu ya Imamu Shafii, mdudu asiye na damu inayotiririka, kama nzi, mbu na buibui, akianguka mwenyewe katika maji akafa, hayanajisishi maji hayo, hata yakiwa chini ya kulatain, yaani takriban lita 200. Msingi wake ni hadithi ya nzi aliyeanguka katika chombo, aliyoipokea Bukhari. Sharti ni mawili: maji yasibadilike rangi, ladha au harufu kwa sababu yake, na asiwe ametupwa humo na mtu kwa makusudi hali amekwishakufa. Mtoe buibui, utie udhu na upike. Na utando wake ukishika nguo ni twahara kwa kauli mashuhuri, na kumgusa hakutengui udhu.

Yule mzee alipolisikia hili alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Basi nimewalaza wajukuu na kiu bure.” Tukamwambia alifanya kwa nia njema, na sasa amejua. Tukamkumbusha sunna ya kufunika vyombo usiku, ambayo ingemtosheleza tangu mwanzo.

Dawa za mikorosho chumbani

Jibu letu kwa kijana lilikuwa fupi: haifai. Salfa ya unga inayopulizwa dhidi ya ubwiriunga huwasha macho na kubana kifua, na dawa za maji za kuulia wadudu ni sumu zaidi. Zimetengenezwa kwa ajili ya shamba penye upepo, si kwa ajili ya chumba anacholala mtoto. Sharia imekataza mtu kujidhuru na kumdhuru mwenziwe. Wala dawa hizo zisiwekwe katika chupa za soda.

Fagio refu linatosha. Ondoa tandabui kila wiki, sogeza magunia mbali na ukuta, punguza taa zinazowaka bure usiku, kung'uta nguo na viatu kabla ya kuvaa. Ukitaka kumtoa buibui, mfunike kwa glasi, pitisha karatasi chini yake, mpeleke nje. Na misikiti isisahauliwe. Aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume alipofariki, Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) aliuliza habari zake na akaenda kumswalia kaburini.

Utando si ushahidi

Hatukanushi kuwa sihri ipo, kwani Qur-ani imeitaja. Lakini tandabui kwenye pembe ya chumba ni dalili ya jambo moja tu: yupo buibui, na hapajafagiwa siku chache. Mwanamke anayemgeuza mgonjwa, kumuosha na kumlisha usiku na mchana, atapata wapi nafasi ya kuangalia pembe za paa? Na wale wanaosema utando huleta ufakiri, hawana hadithi sahihi ya kutegemea. Usafi unatosha kuwa sababu ya kuuondoa.

Suratul Hujurat, aya ya 12, imetutaka tujiepushe na dhana nyingi, kwa kuwa baadhi yake ni dhambi. Nchi yetu imeshuhudia vikongwe wakiuawa kwa tuhuma za uchawi, khasa Kanda ya Ziwa, na mengi yalianza kwa maneno ya chini chini ya nyumbani. Na anayekwenda kwa mpiga ramli kuthibitisha dhana yake ameongeza kosa juu ya kosa.

Tulikwenda nyumbani kwa mama yule pamoja na imamu wa mtaa wao. Tulimsomea mgonjwa ruqya, tukahimiza arudishwe hospitali, kisha tukawaambia mawifi maneno haya: katika Suratul Ankabut, aya ya 41, Allah amemfananisha anayemtegemea asiyekuwa Yeye na buibui aliyejijengea nyumba, na nyumba ya buibui ndiyo dhaifu kuliko zote. Anayejenga tuhuma juu ya utando amejenga juu ya kitu hichohicho. Wifi mkubwa akainuka, akaulizia fagio liko wapi.

Tunamuomba Allah atupe elimu yenye manufaa, asafishe nyumba zetu na nyoyo zetu.

Wallahu a'lam.