Sensa ya oksijeni: usiinunue kabla hujaipima

Umetoka Mtwara mjini unaelekea Msimbati, njia ya mchanga, upepo wa bahari unakupiga. Ghafla taa ya chek enjini inawaka. Gari linatembea, ila siku hizi linakula mafuta balaa na ekzosi inanuka petroli. Fundi anachomeka mashine, anasoma kodi, anakwambia: "Bosi, sensa ya oksijeni imekufa, lete nyingine." Subiri kwanza. Kabla hujatoa hela, tuelewane sensa hiyo inafanya kazi gani.

Kilo moja ya petroli inahitaji takribani kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Petroli ikizidi, nyingine inatoka bila kuungua, inakwenda kuungulia kwenye masega ya ekzosi na kuyaharibu. Kompyuta ya gari haioni ndani ya injini, kwa hiyo inaonja moshi. Mwonjaji ndiye sensa.

Ndani yake kuna kikombe kidogo cha kauri ya zirkonia kilichopakwa platinamu. Upande mmoja unapitiwa na moshi, upande wa pili una hewa ya kawaida yenye oksijeni asilimia 21. Kauri ikishapata joto la nyuzi 300 hivi za Selsiasi, tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo mbili inazaa umeme. Mjerumani Walther Nernst alitoa kanuni ya umeme wa aina hii mwaka 1889. Kampuni ya Bosch ikatengeneza sensa, na mwaka 1976 ikaanza kufungwa kwenye magari ya Volvo. Petroli ikizidi, sensa inatoa karibu volti 0.9. Hewa ikizidi, inatoa karibu 0.1.

Sasa tufike kwenye tatizo lenyewe. Kodi P0171 maana yake ni "hewa imezidi". Haisemi sensa imekufa! Ekzosi ikitoboka kabla ya sensa, inavuta hewa ya nje. Sensa inaripoti hewa nyingi, kompyuta inaongeza petroli, na wewe unalipa pale sheli. Ukifunga sensa mpya bila kuziba tundu, nayo itasema yaleyale. Na huku kwetu pwani, chumvi inakula mabomba na soketi za waya mapema.

Kwa hiyo pima hivi, gari likiwa mahali pa wazi kwa sababu moshi wake una sumu:

1. Injini ikiwa ya baridi, kagua ekzosi na mipira ya hewa. Sikiliza mlio wa "tsh-tsh" na tafuta masizi meusi kwenye maungio. Angalia pia kutu ya kijani ndani ya soketi ya sensa.

2. Chomoa soketi, pima kwa mita waya mbili za hita, ambazo mara nyingi zina rangi moja. Ukipata omu chache, hita ni nzima. Mita isiposoma kitu, hita imekatika. Kodi P0135 nayo inakuelekeza kwenye hita au fyuzi yake.

3. Rudisha soketi, pasha injini moto, kisha tazama volti kwenye mashine. Sensa nzima inapanda na kushuka kati ya 0.1 na 0.9 bila kutulia. Kanyaga mafuta ghafla: ipande. Achia: ishuke. Ikifuata mguu wako, iko hai, katafute ugonjwa kwingine. Ikiganda palepale, hiyo imekwisha.

Angalizo: Toyota nyingi za miaka ya 2000 zina sensa ya mbele ya aina nyingine, na namba hizi haziihusu. Tumia vipimo vya modeli yako.

Kama kweli imekufa, kuiosha kwa petroli hakutaifufua. Ifungue kwa spana ya 22 injini ikiwa vuguvugu. Usiguse ncha ya sensa mpya, wala usijaze grisi kwenye soketi, kwa sababu sensa nyingi huvuta hewa yao safi kupitia waya. Na ile gamu ya silikoni ya kuzibia injini, hakikisha ni aina isiyodhuru sensa, maana mvuke wa silikoni unaipaka kauri na kuiua.

Ukifika gereji, swali la kumuuliza fundi ni moja tu: "Umepima nini?" Kusoma kodi peke yake siyo kupima.