Gemu ya zamani ikirudi sebuleni

Wazazi wengi waliokulia Michenzani, Kikwajuni au Miembeni waliijua gemu kwenye mabanda ya Ng'ambo: Super Mario Bros. ya 1985, Contra, kisha mpira wa PlayStation 2. Chuo kilikimbiwa, viboko vikaliwa. Umeme ulipokatika Unguja kwa karibu miezi 3, kuanzia Desemba 2009, mabanda yasiyo na jenereta yalinyamaza. Bila shaka wapo akina mama walioshukuru.

Leo wao ndio wazazi, na baadhi wanataka kuitoa mashine ile kuukuu kabatini ili mtoto aache simu. Si wazo baya. Mario haina matangazo, haiombi vocha, wala haimletei mwanao mgeni wa kuzungumza naye usiku. Na pedi ni mbili: kaka na dada watagombana, lakini watagombana pamoja.

Ila kagueni sidii kwanza. Grand Theft Auto: San Andreas ya 2004 nayo ni ya zamani, na ni ya watu wazima: bunduki, matusi, wizi wa magari. Banda halikuwa likiuliza umri.

Jengine, Mario ile haihifadhi hatua. Adhana ya magharibi ikilia na mashine ikazimwa, kesho mtoto anaanza upya. Mwambieni kabla hajawasha.