Ugonile: usiku wa anayeuguza

Kyela watu huamkiana kwa kuulizana usingizi. "Ugonile" ya Kinyakyusa, au "mugonile" kwa aliyekuzidi umri, kwa asili yake ni swali: umelala? Kwenye nyumba yenye mgonjwa wa ALS, wageni humuuliza mgonjwa. Naomba tumuulize pia mkewe, au binti yake, anayeamka naye usiku kucha.

ALS huua neva zinazoamuru misuli. Mikono hulegea, kisha miguu, kisha ulimi, au kwa mpangilio mwingine. Usiku, mzigo mzito uko kwenye kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu. Mtu akilala chali, tumbo hukisukuma juu. Akizama katika usingizi wa ndoto, misuli mingine ya kupumulia hulegea na kazi yote huachiwa kiwambo kilichokwisha kuchoka. Hewa ya ukaa hujaa kwenye damu, ubongo unashtuka, mtu anaamka na kuomba ageuzwe. Asubuhi kichwa kinamuuma. Daktari aelezwe hilo mapema, kwa sababu zipo mashine za kumsaidia kupumua usiku. Dawa ya usingizi ya kujinunulia dukani ni hatari, kwani inaweza kuififisha pumzi hiyo iliyobaki.

Nyumbani, anza na kiti cha mbao. Kipindue kichwachini juu ya kitanda, mgongo wake uwe mteremko, kisha tandika mito miwili ya sufi. Mgonjwa akiegemea hapo kuanzia kiunoni, tumbo linashuka na kiwambo kinapata nafasi. Weka mto mwingine chini ya magoti asiteleze. Chandarua kifungwe juu zaidi ya kawaida, kisimguse uso.

Kisha gawaneni usiku. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya kuwapima Wahadzabe 33 wa karibu na Ziwa Eyasi kwa siku 20. Katika siku zote hizo, walikuwa wamelala wote kwa pamoja kwa dakika 18 tu. Hawakupangiana zamu, vijana walichelewa kulala, wazee waliwahi kuamka. Hata huku Kyela, Ipinda au Matema, nyumba ina kijana asiyelala kabla ya saa sita na bibi anayeamka kabla ya jogoo. Kijana akae na mgonjwa hadi saa nane. Mama aliyelala tangu saa tatu atakuwa amepata saa tano mfululizo, na usingizi mzito zaidi huja mwanzoni mwa usiku.

Lakini hatalala kweli akiwa ametega sikio. Sauti ya mgonjwa ikififia, mfungieni kengele ya baiskeli kwa kamba, pale panapochezeka bado: kidole, kisigino, goti. Ijaribuni kila jioni kabla ya taa kuzimwa, na kidole kikishindwa, ihamishieni kwenye goti.