Tatizo la Mpokeaji Anayechelewa katika Usambazaji wa Bei za Masoko ya Fedha kwa Njia ya Uchapishaji na Ujiandikishaji

Bei ya hisa ni taarifa inayochakaa upesi. Iliyokuwa kweli sekunde moja iliyopita yaweza kuwa uongo sasa, na anayeitegemea huuza kwa hasara au hununua kwa bei ambayo soko limekwisha kuiacha. Mwaka 1867, jijini New York, Edward Calahan alibuni mashine ya telegrafu iliyochapa bei kwenye utepe wa karatasi, na kila ofisi iliyokuwa na mashine hiyo ilipokea mfululizo mmoja. Udhaifu wake ulidhihirika tarehe 24 Oktoba 1929. Mauzo ya siku hiyo yaliizidi mashine kasi, utepe ukachelewa kwa saa kadhaa, na watu wakauza hisa bila kujua bei yake ya wakati huo.

Katika mashine ya utepe wote walichelewa pamoja. Katika mifumo ya leo wapokeaji huchelewa mmoja mmoja, na hapo ndipo linapozuka swali linalojadiliwa katika makala haya: mpokeaji mmoja anapochelewa, ni nani abebe gharama ya kuchelewa kwake?

Hadi miaka ya 1980, meza ya dalali katika benki kubwa ilijaa skrini, kwani kila muuzaji wa taarifa alileta mtambo wake. Kampuni ya Teknekron Software Systems, iliyoongozwa na Vivek Ranadivé, ilileta mfumo uliofahamika kama The Information Bus, na benki ya Goldman Sachs ikawa miongoni mwa wateja wake wa mwanzo. Usanifu wake ulielezwa na Oki, Pfluegl, Siegel na Skeen mwaka 1993. Mwaka uliofuata Reuters iliinunua kampuni hiyo.

Msingi wa mfumo huo ni kwamba mtoaji wa taarifa hamtumii mtu, huitumia mada. Programu inayopokea bei kutoka sokoni huchapisha kila badiliko chini ya jina la mada, tuseme «hisa.newyork.ibm», na programu yoyote inayoihitaji mada hiyo hujiandikisha kwayo. Anayetaka hisa zote za New York huweza kuandika «hisa.newyork.*», nyota ikisimama mahali pa jina lolote. Mtoaji hajui wapokeaji ni wangapi wala wako wapi. Faida yake huonekana kwa hesabu nyepesi: vyanzo 10 na programu 50 zikiunganishwa moja kwa moja, huhitajika viungo 500, zikipitia njia moja ya pamoja, viungo 60 hutosha. Programu mpya huongezwa bila kumgusa mtoaji.

Hata hivyo, kutojuana huko kuna bei yake. Mtoaji asiyemjua mpokeaji hawezi kujua kwamba mpokeaji huyo amezidiwa. Jambo hili ni zito zaidi pale taarifa zinaposambazwa kwa njia ya mtandao ya kutuma kwa kundi, iliyowekewa kanuni na Steve Deering mwaka 1989, ambapo pakiti moja hutumwa mara moja na vifaa vya mtandao huinakili kwa kila mwanakundi. Njia hii ni ya haraka, lakini haina ahadi ya kufikisha. Ndiyo maana masoko huambatisha namba za mfuatano. Katika itifaki ya MoldUDP64 inayotumiwa na soko la Nasdaq, mpokeaji aliyepata ujumbe wa 7 kisha wa 9 hutambua kuwa ule wa 8 umepotea, akauomba upya. Aidha, masoko mengi hutuma mfululizo uleule kwa njia mbili sambamba, ili kilichopotea katika moja kipatikane katika nyingine.

Kuomba upya hakumsaidii mpokeaji ambaye tatizo lake ni uzito wa kompyuta yake mwenyewe. Kadiri anavyoomba ndivyo anavyoongezewa kazi, na maombi yake yakijibiwa kwenye njia ya pamoja, huwalemea hata wale waliokuwa wakienda sawa. Kumwekea foleni hakumwokoi pia, kwani foleni humpa bei kamili ambazo zote zimepitwa na wakati. Na foleni hiyo ikiwa katika seva ya pamoja, kumbukumbu hujaa na wote husimama. Ipo njia ya kumhifadhia bei ya mwisho tu ya kila mada na kuzitupa za katikati. Kwa skrini inayosomwa na binadamu, njia hii inafaa kabisa, maana hakuna jicho linaloweza kusoma mabadiliko mia kwa sekunde. Kwa programu inayojenga daftari la oda, ni maangamizi. Jumbe za itifaki ya ITCH hueleza matukio: oda imeingia, imetekelezwa, imefutwa. Ukikosekana ujumbe mmoja, daftari lote la hisa hiyo haliaminiki tena. Mpokeaji wa namna hii ni afadhali akatwe, apewe picha kamili ya daftari kama lilivyo sasa, kisha aungane na mfululizo kuanzia hapo.

Uzito wa uamuzi huu ulionekana tarehe 22 Agosti 2013. Marekani ina mtambo unaokusanya bei za hisa zilizoorodheshwa Nasdaq kutoka masoko yote na kuzisambaza kwa umma. Siku hiyo soko mojawapo, NYSE Arca, liliunganika na kukatika na mtambo huo zaidi ya mara 20, huku likituma jumbe nyingi zenye alama zisizo sahihi, ambazo kila moja ilihitaji kujibiwa kwa kukataliwa. Kwa mujibu wa maelezo ya Nasdaq yenyewe, mtambo ulikuwa umejaribiwa kwa jumbe 10,000 kwa sekunde katika kila mlango. Zilizofika zilizidi 26,000. Mtambo wa akiba nao haukushika nafasi, kwa sababu ya kasoro ya programu. Wakati huohuo waliokuwa wakinunua taarifa moja kwa moja kutoka kila soko waliendelea kuona bei, ilhali umma haukuziona. Nasdaq ilisimamisha biashara ya hisa zake zote saa 6:14 mchana, na haikurejea kikamilifu hadi saa 9:25 alasiri.